Jumapili, Katonga

Miaka thelathini na moja mama ameanika dagaa Kibirizi,
na ziwa hajawahi kuliingia kupita magoti.
"Mimi na hilo ni watu wa biashara," husema,
"tunasalimiana, tunalipana, basi."

Leo tumemleta kwa bajaji, na sufuria ya wali,
migebuka miwili, na chupa ya mawese iliyovuja njiani
ikampaka Tegemea paja lote.
Mama akakaa mkekani, akayapa maji mgongo,
kisha akageuka nusu, akahesabu watoto wa watu
waliopanda tyubu ya lori,
kana kwamba jioni ataulizwa.

Saa nane mchanga ukaanza kuunguza.
Akafungua fundo la kanga, akanipa pesa nimshikie
(elfu kumi na mbili, nilizihesabu mbele yake),
akaingia na gauni lake la zamani la kwaya.

Magoti.
Kiuno.
Akasimama pale maji yanapobadilika rangi ghafla,
pale ambapo mjomba Bukuru...
Hakuna aliyemalizia.

Tegemea akamwekea kiganja chini ya mgongo:
"Legea, bibi. Masikio yaingie. Tazama juu."
Kandambili moja ikachomoka, ikaanza safari ya Kongo.

Tukasubiri apige kelele.
Alinyamaza muda wa kumenya chungwa,
vidole vya miguu vimechomoza kama watu wasiojuana.
Halafu, kwa sauti ya aliyefika nyumbani
akakuta chenji imezidi:

"Kumbe linabeba."