Hatua Nne Kuelekea Mto

Baba hakukanyaga kamwe nyasi zenye jalidi.
Alisimama nje ya mstari wa chokaa, kofia mkononi,
akingoja jua la Agosti lipande juu ya mikaratusi.
Aliyekatiza uwanja asubuhi kama ile
alijulikana mpaka Ijumaa:
nyayo zake zilibaki nyeusi, moja moja,
mpaka mlangoni kwake.

“Jani likiganda ni kioo,” alisema.
“Ukilivunja, halina fundi.”

Huo ulikuwa uwanja wa Klabu ya Reli, Tacuarembó,
ambako treni ilishakoma lakini jina likabaki,
na timu ni wachinjaji wa kiwanda cha nyama,
walimu wawili,
na mlinda mlango, Olinto Fagúndez, kilo mia na ushee,
ambaye kabla ya kila mechi huchimba kwa kisigino
shimo lake la bahati, katikati ya lango la kusini.

Kila Jumatatu baba alilifukia.
Mchanga wa mto, udongo mweusi, mbegu kiganja kimoja,
kisha maji kwa kopo lenye matundu,
taratibu, kama anayemwosha kichanga utosi.
Kila Jumapili Olinto alilichimba tena.
Hawakuwahi kugombana. Walisalimiana kwa kofia.

Na uma wa meno manne:
chomeka, tikisa, chomoa,
chomeka, tikisa, chomoa,
kutoka kibendera hadi kibendera, wiki nzima,
kwa sababu ardhi nayo hubanwa kifua
ikikanyagwa na watu wasioitazama.
Nyungunyungu akitoka mzima, baba alimrudisha.
Akitoka vipande, alinyamaza kidogo.

Miaka saba aliiomba kamati jambo moja:
malango yasogezwe hatua nne kuelekea mto,
pale mbele yake papumzike,
pamechakaa kama kiti cha kinyozi.
Don Irineo, mwenyekiti, mwenye duka la matairi,
alijibu miaka yote saba kwa sentensi ileile:
“Lango halihami, Ademar. Wazee walilichimbia hapo.”

Mwaka wa nane, Septemba, akaja tero,
ndege wa miguu mirefu na miiba kwenye mbawa.
Kwetu husemwa tero hupigia kelele huku
mayai yake yako kule.
Huyu alipiga kelele katikati ya uwanja siku mbili.
Mayai yalikuwa manne, rangi ya matope,
ndani ya shimo la Olinto.

Don Irineo akaja na sanduku la viatu, ayahamishe.
Tero alimshukia mara moja, kipara kikachanika.
Alimshukia mara ya pili.
Mwenyekiti akasimama mbali, leso kichwani,
akautazama mto kana kwamba ndio kwanza anauona.
“Hatua nne,” akasema. “Si zaidi.”

Jumamosi usiku tulichimbua nguzo kwa taa ya gari.
Mimi nilishika ncha ya kamba:
mita tatu, mita nne, mita tano ya kuziunganisha,
pembe ikakaa. Chokaa ikanyooka.
Umande ulinilowesha soksi na hakuna aliyenituma kulala.

Tulifungwa mbili bila.
Olinto hakuchimba siku hiyo, wala iliyofuata.
Alisema kuna mtu anamtazama kisogoni,
na kweli, nyuma ya wavu, katika kisiwa cha nyasi
ambazo mashine ilizizunguka,
jicho jekundu halikupepesa dakika tisini.

Vifaranga walitoka. Walienda.
Kufikia Desemba, pale palipokuwa kipara
pameota laini hivi kwamba nilivua viatu.

Sasa uma ni wangu, na mgongo unaniuma palepale alipouma wake.
Juzi nikifukia shimo la mlinda mlango mwingine
ndipo nikakumbuka Jumatatu ile ya Septemba,
kabla ndege hajatua:
baba alizunguka uwanja wote, akachomeka, akamwagilia,
akafika lango la kusini, akainama, akaangalia,
akapita.

Pipa la mchanga lilikuwa limejaa.