Kwanza Mpira wa Friji

Magesa anataka paneli.
Aliziona Nyakato, zimeanikwa juani kama samaki waliopasuliwa,
na tangu siku hiyo hana habari nyingine.
Laki tatu na nusu ya kikoba
ameshaipandisha paani kwa mdomo.

Mimi ndiye ninayeingiza namba za luku.
Vidole vyangu vinazijua tarakimu ishirini
kuliko vinavyozijua punje za rozari.
Nikamwambia: ngoja. Lete noti.

Tukaibana elfu moja mlangoni pa friji,
nikaivuta kwa vidole viwili.
Ikatoka laini, kama ulimi unaotucheka.
"Kila usiku inatoka hivi hivi,
na sisi tumelala."

Tukaigeuza risiti, tukaandika.
Mpira wa friji, elfu kumi na nane kwa fundi Nkwabi,
na friji yenyewe isogee, iache kiganja ukutani, ipumue.
Hili halina bei: maharage yalowekwe tangu jioni,
gunia la mkaa livuke mwezi.
Taa ya choo, ile ya njano inayokaanga mbu, itoke.
Halafu

hapo tukabishana. Nyumba yetu imeegemea jiwe,
kama nusu ya Mabatini;
jiwe linakunywa jua mchana kutwa
na saa nne usiku linaturudishia chumbani, halijapungua.
Yeye: feni ya pili.
Mimi: feni itapuliza tanuri.
Bati lipakwe rangi nyeupe,
dirisha la upande wa ziwa lifunguliwe,
lile tuliloliziba kwa kabati la mama yake
(kimya kirefu hapa),
dari ingoje zamu yetu ijayo.

"Na paneli?"
Nikaiandika chini kabisa, kwa herufi kubwa, asione nimemnyima:
PANELI. Nyumba ikishajifunza kula kidogo,
itatosha moja pale ulipotaka tatu.

Usipoziba ufa utajenga ukuta, tunaambiana.
Ufa wetu ulikuwa unanguruma jikoni,
tukadhani unafanya kazi.

Jumamosi Nkwabi akaja, akaulainisha mpira kwa maji ya moto,
akaubonyeza kona kwa kona.
Tukairudia noti. Ikagoma.
Magesa akavuta, akacheka, akaiacha humo humo.

Usiku friji ikanyamaza,
na katika ukimya ule tukasikia juu yetu
ta, ta,
bati likipoa polepole
kama mtu anayehesabu madeni.
Magesa akainuka, akaipapasa risiti gizani.
"Rangi," akauliza, "ni ya ngapi vile?"