Bei ya Kwanza

Bergen nilizoea bei iliyoandikwa.
Kibao cheupe kimechomekwa kwenye barafu,
nambari nyeusi, nukta, sufuri mbili,
na samaki wote wamelazwa ubavu mmoja
kama wanafunzi wa bweni taa zikishazimwa.
Kijana wa glovu za buluu hunifungia,
mashine hulia tii,
tunaagana kwa kichwa.
Miaka saba nimenunua hivyo, kando ya maji
yanayonuka chumvi na dizeli ya feri,
mvua ikinilowesha bega bila haraka,
wala hakuna aliyewahi kuniuliza
samaki huyu anakwenda kuliwa na nani.

Jumamosi hii niko Dunga, saa mbili asubuhi.
Upepo umesukuma gugumaji hadi ukingoni,
mashua zimekwama humo, wanaume wamekunja suruali
wanalikata kwa panga kama wafyekao njia ya shambani.
Kongoti wamesimama juu ya mabati,
wanangoja matumbo.
Omena zimeanikwa kwenye nyavu kuukuu,
inzi wanazihesabu, wanakosea, wanaanza upya.

Mama amenituma. Goti lake halimfikishi tena sokoni.
"Ngege wawili. Wa ziwani, si wa kufugwa.
Fungua shavu, uone matamvua kama bado ni mekundu.
Na umtafute Siprosa,
yule wa mwavuli uliopasuka."

Mwavuli nikauona. Chini yake Siprosa,
magamba yamemganda hadi viwikoni,
moja limemkaa shavuni
kama kipini kilichopotea njia.
"Ngapi?"
"Mia tisa, wote wawili."
Nikatoa simu. Nikauliza nalipia nambari gani.

Akanitazama kama mtu aliyepiga hodi
akasikia komeo likifungwa.
"Rudisha simu mfukoni," akasema.
"Nimekukosea nini?"

Nyuma yangu mwanamke mwenye beseni
akacheka kwa pua.
"Sema ni ghali," Siprosa akaniamuru.
"Ni ghali."
"Sema kwa uchungu."
"Mia tisa, Siprosa! Kwani hawa ngege
walikuja kwa ndege?"
Mwenye beseni akalitua chini, apate kusikia vizuri.
"Aliyekuja kwa ndege ni wewe, nyar Kano.
Hawa wamekuja kwa mgongo wa mwanangu,
usiku mzima, na taa moja imemzimikia."
"Mia tano."
"Kwa mia tano nitakuuzia picha yao."
"Mia tano na hamsini, na uwapare magamba."
Ulimi wangu ulikuwa na kutu,
lakini ulikuwa unafunguka, nausikia,
kama bawaba ya mlango wa jikoni.
"Ni vya mama," nikasema. "Ana goti."

Kisu kikasimama hewani.
"Goti lipi? La kulia?
Tangu lini? Na hakuna aliyeniambia?"
Bei ikawekwa pembeni, kama mtoto anayeambiwa angoja.
Tukaongea goti. Tukaongea hospitali, foleni yake,
mafuta ya nyonyo, baridi ya Juni,
dada yake Siprosa aliyelala Ahero wiki tatu.
Mteja mwingine akaja, akasubiri, akachangia dawa.

Mwishowe akawapara, akawafunga kwa gazeti.
"Mia sita na hamsini. Usinijibu."
Kisha akachota omena kwa viganja viwili,
akazimimina juu.
"Hizi si zako. Ni za goti."

Nyumbani mama alifungua shavu kwa kidole gumba,
akanusa, akageuza upande wa pili, akanusa tena.
"Alianza na ngapi?"
"Mia tisa."
"Ukatoa?"
"Mia sita na hamsini."
Akanyamaza, midomo ikipiga hesabu.
"Amekuibia hamsini," akasema,
na kwa mara ya kwanza tangu nitue na masanduku yangu
akaacha kunipa kiti cha wageni.
Akanisogezea kigoda, na kisu.

"Jumatatu urudi ukamwambie."