Dirisha la Saba

Sakafu hii haikulala sawa.
Mitambo ya pamba iliikalia miaka mia
ikainama kuelekea mtoni sentimita tatu:
gololi niliyoidondosha ilijiendea yenyewe hadi ukutani.

Bi Sorvari anataka kila kitu kihame.
Meza za magurudumu, kuta za pazia,
hata miti ya chunguni imefungiwa breki.
"Leo watu sita, kesho sitini," anasema.
"Ofisi iwe kama maji."
Nami nimesimama na penseli sikioni,
nikifikiri: maji nayo yana kingo.

Siku nne sikukata ubao.
Nilikaa pembeni nikahesabu makalio,
ndiyo kazi yangu, mnisamehe:
mawili kwenye ngazi,
manne juu ya sanduku la karatasi za printa,
na kila asubuhi, saa mbili kasorobo,
mzee Taisto wa hesabu, begi begani,
akizunguka ukumbi
kama mtu anayeuliza anwani ndani ya nyumba yake.
Meza yake iliondolewa majira ya kuchipua.
Huishia dirisha la saba, juu ya kipasha joto,
magoti yakigusa kidevu, kompyuta juu ya magoti.
Hajalalamika. Hapa Tampere
mtu akiumia hufunga kifungo kimoja zaidi cha koti.

Nikachora.
Benchi la betula, mita kumi na nne,
chini ya madirisha yote, limeshonwa ukutani.
Kimo sentimita arobaini na tano, kina hamsini,
mgongo wa sufu iliyokandamizwa, imeze makelele,
droo chini, soketi kila hatua mbili.
Ili vingine vihame, kimoja sharti kikae.

Lakini kwenye dirisha la saba
kina kinafika themanini, na ubavu unapanda
hadi usawa wa bega.
"Na hili tumbo?" aliuliza Bi Sorvari, kidole kwenye ramani.
"Ni kwa ajili ya nguzo."
Nilidanganya. Nguzo ya chuma haina haja ya kuegemea.

Theluji ilianguka wiki nzima tuliyofunga.
Ilta, mwanafunzi wangu, aliinama na penseli na kipande cha mbao
akifuatisha sakafu, kilima kwa bonde,
hadi mguu wa benchi ukajua upotovu wake kwa moyo.
Akauliza kwa nini nisitie parafujo tu, twende nyumbani.
Nikamwonyesha ulimi wa ubao ukizama tunduni:
"Huu si kama wetu. Ukipata mahali pake, hunyamaza."
Hakucheka. Alikuwa na njaa.

Jumatatu nilikuja kukaza bawaba moja.
Dirisha la saba lilikuwa na mtu:
kijana wa programu, viatu chini, amelala fofofo,
mdomo wazi, katika tumbo nililolipima kwa mgongo wa mwingine.
Taisto alifika na begi lake. Akasimama.
Nikashika bisibisi kama mjinga.
Yeye akapapasa ukingo, pale nilipoulainisha kwa randa mara tatu,
akavuta droo, akairudisha,
kisha akaketi dirisha la tano, miguu yote sakafuni,
akafungua kifungo cha juu cha koti.

Gololi yangu imebaki humo chini, nyuma ya droo.
Nilisahau kuiokota.
Haiendi popote.