Chale

Bibi yangu Mbeleje alikuwa na ndonya katikati ya paji,
duara jeusi, pana kama sarafu.
Hakuzaliwa nayo. Alichanjwa,
na tangu siku ile watu wa Mvumi walijua
wamwite nani, wampishe wapi, wamkatalie nini.

Usiku huu, huku chuoni kilimani,
upepo wa Julai unagonga vioo vya maabara
nami nimeinamia hadubini, natazama seli za neva
zilizopakwa rangi: kijani kwa mirija yote,
nyekundu kwa mirija yenye chale.
Mirija hii ndiyo boriti za seli.
Iondoe, seli inakuwa tembe lililong'olewa nguzo:
paa la udongo, chapa, chini.

Ila tembe husimama likatulia. Hii haitulii.
Inajengwa huku, inabomoka kule,
dakika hii mrefu, dakika ijayo haupo,
na fundi hajawahi kudai ujira.

Protini ni ileile. Hilo ndilo linaloninyima usingizi.
Tubulini hii na ile zimepakuliwa chungu kimoja.
Kisha kinapita kimeng'enya, kinabandika asetili
ndani kabisa ya mrija, kwenye ukuta wa giza,
na mrija unajifunza kupinda bila kuvunjika.
Kingine kinanyofoa mkiani tairosini moja tu,
kama mtu aliyefuta herufi ya mwisho ya jina,
na wapagazi wanaopita na mizigo yao
wanasoma jina jipya, wanabadili njia.
Kingine kinatunga shanga za glutameti,
moja, mbili, sita;
zikifika idadi fulani, mkasi unaitwa.

Fosfeti sizielewi sana, nakiri.
Zinakaa, zinabanduka, kama inzi wa machungani.
Zikimjaa tau, tau analegea,
anauachia mrija aliokuwa ameukumbatia miaka yote.

Mama anaitwa Nyemo. Kwetu maana yake furaha.
Amemaliza mizunguko sita ya dripu.
Dawa hiyo asili yake ni gome la mti wa nchi za baridi,
na kazi yake naijua, niliifanyia mtihani nikapasi:
inashika mirija isibomoke.
Seli ya uvimbe inataka kugawanyika, inashindwa,
boriti hazimwachii mtu nafasi ya kuhama.
Vizuri.
Lakini dawa haina macho.
Inateremka na damu hadi kwenye nyayo,
inashika na huko.

Jumapili, Hombolo, alitoka kwenye zabibu
mguu mmoja hauna kandambili.
Mwiba wa mgunga ulikuwa kisiginoni, umezama,
damu yake imeshakauka.
"Kumbe nina mgeni," akasema, akacheka.
Nikauchomoa kwa kibanio cha nyusi.
Hakushtuka.
Nilishtuka mimi.

Daktari Chilongani, msimamizi wangu,
ananionya nisimwingize mama kwenye takwimu.
Simwingizi. Nimeandika tu:
sahani ya nne, yenye dawa, saa saba na dakika ishirini usiku,
nyekundu imezidi kuliko sahani zote.
Chale juu ya chale.
Uso uliochanjwa kila mahali
nani atausoma?

Umeme ukayumba, ukarudi.
Nilirudia kuhesabu tangu mwanzo
kwa sababu nilitaka nikosee.
Sikukosea.

Alfajiri nitampigia simu, nimwulize
swali ninalomwuliza kila siku kabla ya salamu:
mama, umeshuka kitandani, sakafu ikoje?
Naye atanyamaza kidogo,
nitamsikia akimwuliza mdogo wangu kwa sauti ya chini,
halafu atanijibu:
"Naambiwa ni ya baridi."