Nyuma ya Kisahani cha Majivu

Tulianza na skrubu: arobaini na moja,
kila moja na kitundu chake kwenye trei ya mayai,
na Nazarena akaandika kwa wino mzito
"mlango wa dereva", "mlango wa mama", "hii sijui".
Pijo 504 ya baba, ya mwaka sabini na nane,
imeshinda kwenye jua la Mendoza
mpaka dashibodi ikapasuka kama kisigino.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta.
Hawakuwa na plastiki.
Ufa huu tuliuziba mara mbili, ukafunguka mara tatu.

Osha. Suuza. Osha tena.
Kila Jumapili baba aliipaka mafuta ya kung'arisha,
na mafuta hayo hayasahau:
ukipuliza rangi juu yake inajikunja, inatoboka,
inakutolea macho ya samaki.
Basi spiriti, na mswaki mkuukuu kwenye mifereji ya vinili,
yakatoka maji ya kahawa, kisha ya chai,
kisha yakatoka maji.

Halafu msasa laini, mkono mwepesi.
Vinili ina vinyweleo vyake; ukizidisha unavifuta,
na hakuna kopo linalouza ngozi.
Kwenye egemeo la mlango wa dereva ngozi ilishakwenda:
kiwiko cha kushoto, Mendoza hadi San Rafael na kurudi,
na madamajani ya mvinyo yakigonganagongana nyuma.
Pale hatukusugua.

Ugomvi ulikuwa rangi.
Mimi nilisema asali. Nazarena alisema tumbaku,
tena akaapa kwa jina la marehemu mama.
Tulinunua asali kwa sababu pesa zilikuwa zangu.
Ndipo akachomoa kisahani cha majivu,
na nyuma yake, mahali ambapo jua halikuwahi kupajua,
mraba mdogo wa kijani,
kijani cha zeituni iliyolala kwenye chumvi,
mbichi kana kwamba imetoka kiwandani asubuhi.

Hakuna aliyesema "nilikwambia".
Utoto wetu mzima tuliketi ndani ya rangi
iliyokuwa inaondoka.

Nazarena alirudi dukani, kisahani mkobani,
mwenye duka akachanganya, akapaka kidole, akachanganya.
Pasi nyembamba, tano badala ya mbili,
mkono usisimame, pumzi usiibane,
paneli zikaning'inia kwenye kamba ya nguo
katikati ya shuka na soksi za baba.

Siku hiyo hiyo zonda ikashuka mlimani,
upepo mkavu, wa moto, na vumbi la nusu jimbo mgongoni.
Tulikimbia na milango mikononi
kama watu wanaookoa picha kwenye nyumba inayoungua.
Mlango wa mama ulishikwa na mchanga.
Mingine tuliilaza juu ya meza ya jikoni,
tukaziba madirisha kwa taulo zenye maji.

Baba alikuwa pale, jicho la kulia limefunikwa pamba;
mtoto wa jicho alitolewa Jumanne.
Kwa jicho hilo miaka mingi aliona dunia nzima
kupitia glasi ya chai.
Tukamwuliza, maana ndiye shahidi pekee aliyebaki:
Baba, ilipokuwa mpya, ilikuwa rangi gani?

Akafikiri. Upepo ukapiga bati.
"Sijui," akasema. "Mimi nilikuwa naangalia barabara."

Na bila kujua, au kwa kujua, hatukumwuliza tena,
akaegemeza kiwiko cha kushoto
juu ya egemeo, rangi haijakauka.

Kopo lilikuwa na pasi moja iliyobaki.
Nazarena alilitikisa, kigololi kikagonga ndani,
akautazama ule mkunjo wa shati uliochapwa kwenye zeituni,
akaliweka kopo chini
akaenda kumtafutia baba shati jingine.