Feni ya Namba Nne

Aliileta Chikongola saa nne asubuhi,
Mazda ya milango miwili, nyekundu kama achali,
imelala chini kiasi kwamba kuku wa jirani
alichungulia uvunguni, akaghairi.

"Fundi, feni ina wazimu.
Moja, kimya. Mbili, kimya. Tatu, kimya.
Nne, inanguruma kama mashine ya kubangulia."

Wazimu wa gari hauna pepo, una njia.
Sikushika bisibisi. Niliuliza kwanza,
kama wanavyouliza pale Ligula: tangu lini,
ukiwa wapi, ulisikia harufu gani?

Bwana Nandonde akakuna kidevu.
Tangu Juni, alisema, kwenye mlima wa Newala,
ukungu umekaa kiooni, akazungusha upande mwekundu,
hewa ya moto haikuja.
Alifuta kioo kwa mkono wa shati,
akaendesha akiona nusu ya barabara.
"Na huku pwani naoga jasho.
Moto siupati kule, baridi siipati huku.
Gari la mbio gani hili?"

Nikaanza na fyuzi: nzima.
Ingekatika, hata nne isingenguruma.
Rilei ikaalika, tk, kama ulimi wa mtu asiyekuamini.
Testa ikasoma volti kumi na mbili na ushee.
Umeme unafika, basi. Gari halina njaa.

Nikaifuata resista.
Hiyo ndiyo mpakuaji: moja, kijiko;
mbili, kikombe; tatu, bakuli.
Nne haimpitii mpakuaji,
inazamisha kichwa sufuriani yenyewe.
Ndiyo maana imebaki hai peke yake.
Niliichomoa: nyeusi, imepasuka,
inanuka ganda la korosho lililotupwa motoni.

"Kumbe ndiyo hiyo," akasema, mkono mfukoni.
Ningeweza kupokea hela pale pale,
naye angerudi baada ya wiki tatu.
Lakini resista haiungui kwa kupenda.
Aliyeungua usimlaumu kabla hujauliza
alikuwa amebebeshwa nini.

Nikalala chali chini ya dashibodi,
miguu nje, juani.
Skrubu tatu; ya tatu imefichwa, kama kawaida,
na aliyeificha hakuwa na vidole vinene.
Mota ikanidondokea kifuani.
Nilizungusha gurudumu la feni kwa kidole:
zito. Linakwaruza. Linagoma.

Ndani, kati ya mapanga yake,
karatasi ya daftari, pembe zimetafunwa.
Ilipenya nyuma ya kisanduku cha dashibodi,
feni ikaivuta, ikaitafuna
mwezi baada ya mwezi, ikavuta umeme kuliko haki yake,
hadi mpakuaji akaungua mikono.

Nilimpa bila kuisoma.
Sawa, niliisoma kidogo:
*Atuwene Mnyambe, Kitangari.
Gunia tatu. Kilo 214. Bado hajalipwa.*

Mwandiko ulikuwa wake.

Aliitazama muda mrefu.
"Mama wa mke wangu," akasema.
"Nilimwapia mbele ya watu kwamba hakuniletea hata punje."
Mimi nilikuwa natafuta brashi.
Kama ilikuwa kangomba, kama ilikuwa usahaulifu,
testa yangu haipimi hayo.

Resista niliikata kwenye Karina iliyokufa,
plagi yake nikaichonga kwa tupa mpaka ikakubali.
Feni nikaifuta vumbi, nikarudisha kila kitu,
skrubu moja ikabaki, sijui ya wapi.

Moja: pumzi.
Mbili. Tatu.
Nikazungusha upande mwekundu, joto lote hili la Septemba,
kuhakikisha moto wa Newala upo. Upo.
Jasho likanitiririka hadi kisiginoni.

Hakuja kusikiliza.
Alikuwa ameketi juu ya tofali, simu sikioni,
anasema shikamoo, anakata, anapiga tena,
shikamoo, kwa mtu ambaye hapokei.

Nikairudisha feni namba moja,
ile isiyomzuia mtu kusikia.

Alipolipa hakuomba nipunguze.
Mnunuzi wa korosho! Nilihesabu zile noti mara mbili.